Pete Nyekundu ya Tairi la Nne

"Shemeji, saa ngapi sasa?" Mama Wembe aliuliza, akijifanya hainui macho kwenye tairi alilokuwa akilinyoa.

Mzee Pete akaondoa jiwe la kusagia palepale. "Saa tatu kasoro."

"Huyu mama tumnunulie saa," alisema msimamizi, akipita na makaratasi yake. "Kila dakika tano saa ngapi, saa ngapi. Una miadi na nani?"

"Si na wewe, usijipe matumaini."

Karakana nzima ikacheka. Mzee Pete naye akacheka, ingawa pale hapakuwa na mtu mwenye shida ya saa. Kuuliza saa ndiko kulikokuwa kumwambia: basi, nyekundu imetokea, toa jiwe.

Sasa ngoja kwanza, usije ukapotea. Kiwanda kile hakikutengeneza matairi ya malori ya mchanga. Kilitengeneza matairi mapya yenye sura ya zamani, ya yale magari ya mbio ya enzi hizo, ambayo wenyewe huyafunika shuka kama watoto wachanga na kuyatoa nje siku isiyo na wingu hata moja. Mwenye gari la namna hiyo ukimpelekea tairi la kisasa anaweza kulia. Anataka lilelile ambalo gari lilizaliwa nalo, meno yaleyale, na pete nyekundu ubavuni. Na pete hiyo haipakwi rangi, la hasha. Mpira mwekundu hupikwa pamoja na tairi, juu yake ikawekwa ngozi nyembamba ya mpira mweusi, halafu mtu akae aisage ile ngozi kwa jiwe la umeme, tairi likizunguka taratibu, mpaka wekundu uchungulie. Akitoa jiwe mapema, pete inabaki na madoa. Akichelewa, anafika kwenye nyuzi, na tairi limekufa.

Mtu huyo, kwa miaka thelathini na moja, alikuwa yeye. Ndiyo maana wakamwita Pete. Nyumbani, tangu mkewe afariki, hakukuwa na wa kumwita chochote.

Kisha macho yakaanza kumgeuka. Hakupofuka, hapana. Njia aliiona, watu aliwaona, ila rangi zilimkimbia moja moja, nyekundu ikaenda kujificha ndani ya nyeusi asiione tena. Daktari alimmulika, akazima tochi, akasema ugonjwa huo hauna miwani. Mzee akarudi kazini, akanyamaza. Aliyemgundua ni shemeji yake, mjane wa kaka yake, aliyekaa meza ya pili akinyoa kwa wembe vile vinywele vya mpira vinavyobaki tairi likitoka kwenye kalibu, lile pande la chuma wanamolipikia. Hakumuuliza kitu. Kesho yake akaanza tu kutaka kujua saa.

Na si kwamba hakujua anachokifanya. Wembe huo ndio uliokuwa ukilisha wajukuu zake watatu. Mwezi uliotangulia mlinzi alimsainia mwenzake aliyechelewa kwenye daftari la kuingia. Walifukuzwa wote wawili, aliyechelewa na aliyemficha.

Siku hiyo kulikuwa na matairi manne, seti ya mwisho kabisa. Kalibu ilipasuka baada ya kulipika la nne, na aliyeichonga alishakufa siku nyingi. Mteja alikuwa amesubiri miaka miwili.

Mawili yakaisha salama. Msimamizi akarudi. "Mama, nenda ukasaidie kufungasha. Lori linanguruma pale nje."

"Namalizia hapa na mzee."

"Kwani mzee anataka kunyolewa? Nenda, mama."

Mama Wembe akamtazama. "Shemeji, niende?"

"Nenda. Mimi mtoto?"

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na siri nyingine, hii hata shemeji yake hakuijua. Mpira mwekundu ukiguswa na jiwe ulitoa harufu kama ya nywele zilizoungua. Mweusi haukuitoa. Mwaka mzima alikuwa akipima: harufu inakuja, mara shemeji naye anauliza saa. Vilikwenda pamoja, havikukosana hata siku moja. Akajiambia, macho yameondoka lakini pua ipo.

Tairi la tatu alilisaga peke yake. Harufu ikaja, akatoa jiwe. Mfagiaji alikuwa anapita.

"Unaionaje?" Mzee akamuuliza, kama anayejigamba tu.

"Inawaka, mzee. Kama taa."

Basi akalipandisha la nne kifua mbele. Akashusha jiwe, akasubiri harufu. Haikuja. Akasaga kidogo tena, akainama mpaka vumbi likamwingia puani. Hakuna. Ngozi nyeusi ya hili ni nene, akawaza. Angeweza kusimama. Angeweza kumwita yule mfagiaji amtazamie. Lakini sifa zilikuwa bado mbichi masikioni, akaona aibu, akakandamiza.

Sauti ikabadilika. Ikawa kama mtu anachana shuka. Akazima mashine, akapitisha kidole ubavuni mwa tairi, na kidole kikakutana na nyuzi.

Hakuita mtu. Msimamizi alikuja mwenyewe, akachuchumaa. "Mzee. Nyekundu yote umeimaliza. Hii hapa sakafuni, rundo zima. Hukuiona?"

Mzee akatazama sakafuni. Aliona vumbi.

"Haukunuka," likamtoka.

"Nini haukunuka?"

"Mpira."

"Utanukaje? Hili tulilipika na mpira mpya. Wateja walilalamika gereji zao zinanuka, tukabadilisha." Akacheka kidogo. "Kwani wewe unasaga kwa pua?"

Hapo kicheko kikamkatika. Alimtazama mzee machoni, akalitazama lile vumbi, halafu akaitazama meza tupu ya jirani. "Hebu subiri," akasema taratibu. "Na yule mama wa saa ngapi..."

Mama Wembe alikuwa ameshafika mlangoni, gundi ya maboksi imemganda vidoleni. "Bwana msimamizi, mimi ndiye..."

"Nilisinzia," Mzee Pete akamkata.

"Ulisinzia? Jiwe linazunguka mkononi?"

"Nimechoka na kelele zenu. Kutwa pete, pete. Kwani tairi ni nini? Mpira tu huo. Pikeni lingine."

Nusu ya watu waliosimama pale yeye ndiye aliyewafundisha kazi, na mara ngapi aliwapiga vidole kwa kutupa tairi chini. Mfagiaji akageuza uso.

"Shemeji," Mama Wembe akanong'ona.

"Mama, rudi kwenye kazi yako," akamwambia, kama anayesema na mpita njia.

Msimamizi akainuka, akajifuta magoti. "Nilikuwa nakuheshimu, mzee. Vua aproni uiache hapo."

Nje, ukutani, kuna bomba la kunawia. Mzee akafungua maji, akaokota kipande cha sabuni, akaanza kusugua. Vumbi la mpira ni bishi, huingia kwenye kucha na kwenye mikunjo ya vidole, na mtu hutegemea macho yake kujua limetoka. Wenzake walianza kutoka kwenda kula. Walimzunguka kwa mbali, kila mmoja akitazama viatu vyake. Akaileta mikono karibu na uso, akaigeuza, akairudisha majini. Ilikuwa imetakata zamani, ila hapakuwa na wa kumwambia. Sabuni ikamwishia kiganjani. Akaendelea kusugua.