Mbegu Inayowahi

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, mtafiti wa mbegu alikuwa amechuchumaa katika shamba la kituo cha utafiti akifungua tumba la ua la maharage kwa ncha ya kibano. Alilipanua taratibu, akatoa vifuko vya chavua lisije likajirutubisha lenyewe, akapaka chavua ya mmea mwingine, kisha akafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Ulimi ulikuwa umemtoka nje kidogo, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.

Shamba lile lilinyimwa maji kwa makusudi. Udongo wake ulikuwa mchanga mtupu, na kila aina ya maharage isiyoweza kustahimili iliachwa ife. Karibu zote zilikuwa zimekufa bila ubishi. Iliyobaki ni ile ambayo vibarua waliipa jina la Chapuchapu. Joto likizidi, ilisimamisha majani yake wima ili jua lipite pembeni. Ilitoa maua mapema, ikafunga maganda, ikakauka na kumaliza maisha yake wakati aina nyingine zingali zinajiuliza zifanye nini. Haikuushinda ukame. Iliuwahi tu.

Mtafiti aliishi nyuma ya uzio wa kituo, vyumba viwili, yeye na binti yake aliyeitwa Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi juu ya mdomo. Mtoto alikuwa darasa la kwanza. Mvua ilikuwa imewapa kisogo, maghala ya mtaani yalibaki na panya, na hata panya walikuwa wakihama. Boza la maji lilikuja likijisikia. Mtafiti alipata chakula cha mchana kazini, mwanawe hakupata. Kwa hiyo, walipomaliza kuvuna na kupima kituoni, aliomba masalia ya Chapuchapu, akayaleta nyumbani, akagawia na majirani. Yaliiva haraka. Watoto walilamba sahani.

Siku chache baadaye, kikombe cha Kidoti kilishinda kimejaa.

"Hunywi maji, mama?" mtafiti alimwuliza bintiye.

"Sina kiu."

Aliruka kamba juani bila kutoa jasho. Alianguka, akalia bila machozi. Ikifika adhuhuri alisimama kiupandeupande, bega likielekea juani, na watoto wote wa mtaa wakasimama hivyohivyo. Kina mama walishukuru. Maji waliyopata walifulia nguo.

Kisha meno ya mbele yaliota kabla ya mapengo kuzoeleka. Sketi ya shule ikapanda juu ya magoti. Mwalimu alimpandisha darasa, akampandisha tena, halafu akamwita mama yake na kumwambia mtoto amemaliza shule, apishe wengine. Muuguzi wa zahanati alimpima urefu, akamtazama macho na ulimi.

"Hajambo kabisa," alisema. "Anawahi tu."

Mwezi huo Bwana Maji, ofisa aliyepanga safari za boza, alipita kukagua matangi ya mtaa. Aliyakuta yamejaa, yameota utando wa kijani. Alifurahi sana, akapeana mikono na kila mtu. "Mmetupunguzia mzigo," alisema. Boza likahamishiwa hoteli mpya kwenye njia panda, ambako kulikuwa na bustani ya nyasi. Maji ya kwenye matangi yaliisha kwa kufua.

Kidoti alipata mvi ya kwanza wakati wa kuchambua maharage. Mama yake alijua jambo moja kuhusu mimea: maharage yakipata maji wakati wa maua, hurefusha siku zake. Aliiba dumu moja la maji kwenye bomba la maabara, akamnywesha bintiye kikombe baada ya kikombe, ingawa mwenyewe alisema hana kiu. Kwa siku zote ambazo dumu lilidumu, hakuota mvi nyingine. Lilipokwisha, alizeeka tena. Mkuu wa kituo alitia kufuli kwenye bomba. Jaribio la ukame haliwezi kuwa na maji, alisema, na hapo hakukosea.

Mtafiti akaenda ofisini kwa Bwana Maji.

"Rudisha boza. Watoto wetu wanazeeka."

"Wanalalamika kiu?"

"Hapana."

"Sasa dada yangu, nimpelekee maji mtu asiye na kiu?"

"Ukiwapa maji wataishi."

"Na nyasi je? Nyasi hazili maharage." Hakusema kwa ubaya. Alimmiminia maji kwenye glasi, akasubiri anywe, akamwuliza kama kituo kinaweza kutoa mbegu zaidi, maana wilaya nyingine nazo zilikuwa zikimsumbua kwa maboza.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Kwenye kizingiti alikaa bibi mwenye mgongo uliopinda, ungo mapajani. Mtafiti alikuwa amechoka, na adabu ikaiwahi akili.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," alisema Kidoti. Wakatazamana. Kidoti akasogea, akampisha kizingitini. "Amekataa?"

"Amekataa."

Mtafiti aliingia ndani, akapakua maharage, sahani ya kujaa, akaketi karibu na bintiye na kuchota kijiko cha kwanza. Mpaka siku hiyo alikuwa hajayaonja; yeye alikula kazini.

"Unafanya nini?"

"Nataka nikufikie."

Kidoti alimpokonya sahani. Mikono yake ilikuwa mikavu na myepesi, lakini ilikuwa na nguvu ya mtu mzima anayejua anachokataa.

"Hapana. Wewe bado mdogo."

Mtafiti alilalia mapaja ya bintiye, akalia kwa machozi, na Kidoti akayafuta kwa kiganja, akikitazama kiganja kilivyolowa.

Kidoti alifariki kabla ya mwisho wa muhula ambamo wenzake wa mitaa mingine walikuwa wakijifunza kuandika majina yao. Wiki hiyohiyo magunia ya Chapuchapu yalipakiwa kwenda wilaya nyingine. Walipombeba kwenda makaburini, alikuwa mwepesi kama ganda tupu, na waliomsindikiza wengi walikuwa wazee aliocheza nao kamba. Boza lilipita likielekea hotelini. Dereva alipowaona wafiwa alipunguza mwendo, asiwatimulie vumbi, akavua kofia. Walipokwisha kupita, akaongeza mwendo.