Nani Atakwenda Montréal

Binti yangu Jokébed atajifungua mwezi wa kwanza huko Montréal, mji ambao theluji yake inafika magotini. Yeye na mume wake Michée wameweza kumlipia safari nyanya mmoja tu. Mmoja! Na kwetu kila mtu anajua kwamba anayemkanda binti kwa maji ya moto na kumfunga tumbo ni mama yake aliyemzaa. Lakini Antoinette, mama wa Michée, naye alitaka kwenda. Michée ni mtoto wake wa pekee, na hajamtia machoni tangu aondoke. Watoto wakatuambia tupatane wenyewe.

Nikavaa koti langu la mitumba, zito kama godoro, nikateremka nalo kutoka Butembo mpaka Beni, nyumbani kwake Bungulu. Jasho lilinitiririka hadi visiginoni, lakini nilitaka alione.

"Mama Michée," nikamwambia, "miye natoka kwenye baridi. Butembo tunalalaka na blanketi mbili. Hii joto yenu ya Beni inaniuaka, kila mutu anajua. Lakini weye, ukifika kule, utaganda kama tomson."

Tomson ni wale samaki wa barafu wanaokuja ndani ya makatoni. Antoinette hakukasirika hata kidogo, na hilo likanikera.

"Basi twende kwa tomson yenyewe, mama Jokébed. Tujifungie mule mu baridi yake. Mwenye atatangulia kugonga mulango afunguliwe, abakie huku."

Depo ya samaki haiko mbali na kwake. Delphin, anayeshika ufunguo, alitutazama kama wendawazimu, kisha akatufungulia chumba cha baridi na kusimama nje akicheka. Antoinette aliingia na kitenge na kandambili. Mimi niliingia na koti, na chini ya koti nilikuwa nimejifunga chupa ya maji ya moto tumboni. Sioni haya. Mjukuu ni mjukuu.

Mwanzoni nilijiona malkia. Kisha chupa ikapoa, ikawa jiwe la barafu juu ya kitovu changu, na meno yakaanza kugongana. Antoinette alikuwa anahamisha makatoni huku na huku akiimba nyimbo za kanisa, na jasho linamtoka! Nikaanza kuhamisha na mimi. Tulimpangia Delphin depo nzima bure, na hakuna aliyegonga. Mwishowe alifungua mwenyewe kwa sababu mteja alitaka samaki, na sote wawili tukatoka mbio.

"Hapana mushindi," nikasema, midomo haishikani. "Tupigie batoto."

Michée akatokea kwenye simu amevaa singlendi, na nyuma yake dirisha limejaa theluji.

"Baridi?" akacheka. "Baridi iko inje tu, bamama. Koko, ule nyanya mwenye atakuja, hatatoka inje na mutoto muchanga. Ndani ya nyumba iko chauffage, mashini ya kuleta joto, joto ya Beni kabisa, ata inapita."

Antoinette akanigeukia taratibu. Sikupoteza wakati.

"Joto?" nikapaza sauti. "Joto miye naipendaka sana! Tangu zamani!"

Ndipo nikasikia sauti ya binti yangu. "Mama. Siku ya ndoa yangu ulirudia Butembo kabla tukate keki, sababu ya joto ya Beni."

Wote wakacheka, hata Delphin. Nikacheka nao, lakini iliniuma. Iliniuma mpaka nikajifanya natafuta kandambili yangu.

Basi Antoinette ndiye atakayekwenda. Nilikaa jikoni kwake nikamfundisha maji yawe moto kiasi gani, kitambaa kifungwe wapi, uji uwe mwepesi namna gani. Alinisikiliza vizuri, na nikiri kwamba ana mikono mizuri. Koti pia nikamwachia.

Kitu kimoja tu sikumfundisha: namna ya kumshika mtoto wa ukoo wetu anapolia bila sababu. Sisi sote tulizaliwa na kilio hicho, na anayejua kukituliza nimebaki peke yangu. Aende salama. Mimi simu yangu nitaiweka chaji.