Karatasi Chini ya Mlango

Padri Mbae alipoipokea ile diski kwa posta, aliigeuza mara mbili, akajiona uso upande unaong'aa, kisha akamkabidhi Murugi, karani wa parokia, kama mtu anayetoa sahani ikaoshwe. "Ni wewe unajua hiyo mashine," alisema. Barua iliyokuja nayo ilidai kwamba ndani mna vitabu zaidi ya elfu moja: vya kuchimba choo, kufuga sungura, kuzalisha mama, kulinda chemchemi. Vyote bure. Watu wa Ulaya waliovikusanya walikuwa wameandika kwa herufi nzito: nakili, chapisha, gawa, usiuze.

Murugi hakuamini vya bure. Mwaka huo wa tisini na nane hakuna mtu wa mji ule wa Chaka aliyeviamini, maana uchaguzi ulikuwa umepita juzi tu, na unga wa bure wa wanasiasa ulikuja na fukusi wake. Lakini kompyuta ya parokia ilipoimeza ile diski na majina ya vitabu yakajipanga kwenye kioo, alivisoma mpaka chai yake ikapoa, na kesho yake akarudia.

Mwezi wa sita mvua ilikataa kuisha. Nyuma ya kiwanda cha mbao kilichofungwa, familia arobaini hivi zilizokimbia fujo za baada ya uchaguzi kule Laikipia zilikuwa zimejijengea vibanda vya mabanzi ya mbao na nailoni, na maji zilichota mtaroni. Gathoni, mdogo wake Murugi, alikuwa huko. Mumewe alibaki Laikipia, na hakuna aliyethubutu kuuliza alibaki vipi. Binti yake mkubwa alilelewa na nyanya yake mzaa baba huko Othaya. Huyu mdogo, aliyekuja naye mgongoni, alipewa jina la mama yao, Wakonyo. Kwa desturi ya kwao Murugi alimwita mtoto huyo "mami" na kumwamkia kwa heshima zote, na mtoto akicheka kwa meno yake mawili. Murugi aliwaomba wahamie chumbani kwake. Gathoni alikataa. Alisema waliokimbia pamoja hawaachani.

Wiki hiyo kuhara kuliingia vibandani. Jumatatu wakazika mtoto, Jumanne wakazika mwingine. Zahanati haikuwa na hata pakiti moja ya dawa. Jumatano jioni, Murugi alipokuwa akipekua vitabu vya diski, alikuta ukurasa mmoja mfupi: chemsha maji lita moja, yaache yapoe, tia sukari vijiko vidogo sita vilivyosawazishwa juu, chumvi nusu kijiko, usizidishe; mpe mtoto kidogo kidogo, hata akitapika mpe tena. Basi. Aliusoma mara tatu akitafuta mahali walipoficha dawa yenyewe. Hapakuwa na dawa nyingine. Vitu viwili vya jikoni, na watoto wawili walikuwa tayari udongoni.

Aliupiga chapa kwa Kikuyu, nakala arobaini, printa ikipiga kelele kama mashine ya kusaga.

Sasa, kugawa ndiko kulikuwa na miiba. Padri alikuwa Nyeri kwenye semina hadi Jumamosi, na chifu alikuwa na sheria yake: karatasi isiyo na mhuri wake haigawiwi. Mwezi wa pili alimweka ndani siku mbili mzee aliyebandika tangazo la ng'ombe aliyepotea. Huko Nairobi walisema sheria za namna hiyo zimefutwa. Labda barua ya kumjulisha chifu ilikuwa bado njiani. Murugi alimwogopa. Hilo tuliseme wazi, maana yeye mwenyewe hakulikana baadaye. Alimwogopa chifu kuliko alivyoogopa kuhara, kwa kuwa kuhara kulikuwa bado hakujabisha kwao.

Alhamisi alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabanzi, alipita vibandani peke yake na viatu mkononi. Aliikunja kila karatasi mara mbili na kuipenyeza chini ya mlango. Hakuita mtu. Hata kwa Gathoni alipenyeza akapita, akijiambia kwamba atarudi mchana na sukari. Alirudi ofisini akawasha jiko, moyo ukimwenda mbio, lakini mbio za furaha.

Saa mbili, hakuna mwanamke aliyepita na mtungi. Saa tatu, hakuna. Murugi alifunga ofisi akaenda kutazama.

Milango ilikuwa wazi. Sufuria ya uji ilikuwa imetokota peke yake mpaka ikaungua. Kuku walikuwa ndani ya nyumba, juu ya vitanda. Na chini, kwenye udongo, karatasi zake zilikuwa pale pale, nyingine na alama za nyayo, na hakuna hata moja iliyokunjuliwa.

Mzee Kingori, bawabu wa kile kiwanda, alikuwa amesimama getini na rungu lake.

"Wameenda," alisema. "Wamerushiwa karatasi."

"Na nani?"

"Sasa mimi nitajua? Ati wameamka wakapata karatasi kwa mlango. Mama mmoja wao, Beth, ndiye aliona kwanza, akapiga nduru. Hata shuka hawakubeba." Alitema mate pembeni. "Kule Laikipia ilikuwa hivyo hivyo. Karatasi asubuhi, moto jioni. Yule alingojea kusoma ndiye alichomewa ndani. Hawa hawawezi kusoma tena, hata kama ni barua ya mbinguni."

Murugi aligeuka akaitazama milango iliyo wazi. Gathoni alikuwa amemsimulia habari hiyo mwezi wa pili, wakiwa wamekaa kitanda kimoja; walilia pamoja, kisha Murugi akaenda kupika. Alikuwa ameisikia kama habari ya Gathoni.

"Na dada yangu?"

"Amepita hapa akikimbia. Ule mtoto wake hana nguvu, karani. Shingo imeregea. Ameendesha tumbo usiku mzima."

Hofu iliyompata sasa haikuwa ya chifu. Alirudi mbio, akatia maji yaliyochemka kwenye chupa mbili za chai, akafunga sukari, chumvi na kijiko kwenye leso, na karatasi moja akaiweka kifuani. Barabarani alisimamisha gari la maziwa. Kihara, dereva, alimwambia amewapita watu wengi kwenye banda la kukusanyia maziwa, karibu kufika Kiganjo.

"Wanasema wakipumzika kidogo wanapanda msitu," alisema. "Na hii baridi! Hao watoto hawatafika kesho."

Njia nzima Murugi alihesabu vijiko kwa midomo, sita na nusu, sita na nusu, akiogopa asije akasahau na kuua mtoto kwa chumvi.

Banda lilijaa watu mpaka nje. Gathoni alikuwa ameketi juu ya mkebe wa maziwa, mtoto mapajani, macho ya mtoto yamezama na midomo imekauka. Murugi alipiga magoti. "Mami," aliita. Mtoto hakumtazama.

Alipima sukari na chumvi ndani ya chupa, akamimina kikombeni na kupuliza mpaka yakapoa. Angeweza kumnywesha mtoto kimya kimya na siri yake ikakaa. Lakini wanaume walikuwa wameanza kuwainua wazee, na watoto wengine wanne walikuwa wamelegea vilevile migongoni, na njia ya msituni ilikuwa inapanda tu. Alimpa Gathoni kikombe na kijiko. "Kidogo kidogo," alisema. Kisha akasimama na kuitoa karatasi.

Banda zima lilirudi nyuma. Mwanamume mmoja aliokota jiwe.

"Weka hiyo kitu chini!"

"Si ya vita," Murugi alisema. "Ni ya dawa. Nisikizeni. Nasoma."

Akasoma. Maji lita moja. Sukari vijiko sita. Alisoma neno kwa neno, jicho moja kwenye lile jiwe, na alipofika mwisho alianza tena, kwa sababu aliogopa kunyamaza. Mara ya pili mama mmoja alisogea akamfungua mtoto mgongoni. Mwingine akauliza kama chumvi ya mawe inafaa. Jiwe lilidondoka.

"Na ni nani aliiweka kwa milango?" aliuliza yule mwanamume.

Murugi alimtazama Gathoni. Gathoni hakuinua uso; alikuwa akihesabu kijiko baada ya kijiko, na koo la Wakonyo lilikuwa limeanza kumeza lenyewe.

"Ni mimi," Murugi alisema. "Nilimwogopa chifu, nikaja mkiwa mmelala."

Hakuna aliyempiga. Angeona heri wampige. Waligeuka tu wakaanza kuwasha moto na kumwaga maji kwenye mikebe, na Kihara akaenda kutafuta sukari zaidi.

Murugi alijaza vikombe akapita navyo. Mtoto wa kwanza alitapika, wakampa tena. Wa pili alikishika kikombe kwa mikono yake miwili. Alipofika kona ya mwisho alimkuta Beth, yule aliyepiga nduru, ameketi ameegemea ukuta, mtoto wake amefungwa vizuri ndani ya leso, kichwa na yote.

"Huyu naye mpe, mama," Murugi alisema, akimnyooshea kikombe. "Hata kama amelala, mwamshe."

Beth alikitazama kikombe, kisha akamtazama yeye, bila hasira.

"Huyu alimaliza pumzi pale darajani," alisema. "Nilikuwa nakimbia, nikasikia amekuwa mzito." Aliivuta leso vizuri miguuni mwa mtoto. "Sasa karani, si ungebisha tu? Nilikuwa macho. Ningekufungulia."