Mngurumo kwenye Tepu ya Ikapel

Mwaka wa 1966 mume wangu Ikapel, karani wa stesheni ya reli hapa Malaba, alinunua rekoda ya betri kutoka kwa mhandisi mmoja Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao. Alitaka kunasa nyimbo za mavuno za shangazi yake, Benedetta wa kijiji cha Moding, kwa kuwa binti za Shangazi wote walikuwa wameolewa mbali na hakuna hata mmoja aliyezijua. Nia nzuri, sikatai. Lakini wiki tatu zile nusura zinirudishe kwa mama yangu.

Jumamosi ya kwanza Shangazi alikuja kwa miguu, akaketi mezani kwetu, mbele yake rekoda na maiki yake ubavuni. Akaimba nyimbo saba. Ikapel aliporudisha tepu tusikilize, sauti ilikuwepo, lakini chini yake palikuwa na mngurumo, mmmmm, kama nyuki waliofungiwa mtungini.

"Ni treni," akasema Ikapel.

"Treni gani, Baba Alupo?" nikamuuliza. "Si wewe mwenyewe umetuambia imekwama Tororo tangu asubuhi?"

Basi akasema ni mashine ya kusaga mahindi ya jirani yetu Ekwaro. Jumamosi ya pili Ikapel akamwomba aizime kwa saa nzima, siku ya soko, akina mama wamepanga foleni na madebe yao. Ekwaro, mtu mpole, akazima. Mngurumo ukabaki pale pale. Badala ya kushukuru, Ikapel akamwendea na kumwambia mbele ya wateja kwamba ni mwongo, hakuzima. Tangu siku hiyo Ekwaro hakutusalimia, na mimi nikawa nabeba mahindi yangu kichwani kwenda kuyasaga hadi Angurai.

Hakuishia hapo. Kuku wakahamishwa kwa dada yangu, pamoja na mtoto wetu Alupo. Eti mabati yanalia juani, akayafunika kwa nyasi. Mablanketi yangu yakatundikwa madirishani. Nikakatazwa kuwasha jiko, kufagia, hata kukohoa.

Jumamosi ya tatu Shangazi alikuwa anatiririka jasho ndani ya chumba kile.

"Mwana wa kaka yangu," akasema, "nimeimba mashambani, nimeimba harusini, nimeimba mbele ya askofu. Hakuna aliyewahi kuniambia nina nyuki."

"Tena kidogo tu, Shangazi."

"Hata chai sipewi!"

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikaenda kwa jirani mwingine, nikapika chai huko, nikarudi na kikombe kimejaa, nikakitua mezani kwa kishindo. Ikapel akanikodolea macho, akawasha rekoda. Nikaona uso wa chai unatetemeka, viduara vidogo vidogo.

"Zima," nikasema. Akazima. Chai ikatulia. "Washa." Ikatetemeka tena.

"Baba Alupo, ni meza. Mashine yako inaitetemesha meza, na maiki imekaa juu ya meza hiyo hiyo."

Nikang'oa blanketi moja dirishani, nikalikunja juu ya kigoda mbali na meza, nikaweka maiki hapo. Shangazi akaimba zote saba. Tepu iliporudishwa, ilikuwa sauti yake peke yake, safi, hadi pumzi zake tulizisikia.

Ikapel akazima rekoda, akaanza kuyashusha mablanketi yaliyobaki madirishani.

"Kesho nitamwona Ekwaro," akasema.

"Kesho ni Jumapili, amefunga. Nenda sasa, wateja wakiwepo. Ulimtukana mbele yao."

Akavaa viatu, akaenda. Baadaye nilisikia kwamba Ekwaro alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwonyesha magunia yaliyosubiri kupangwa, naye akayapanga yote.

Shangazi alimaliza chai yake, akaniomba niirudishe tepu mwanzo. Akasikiliza ameinamisha kichwa, midomo ikifuatisha maneno. Kwenye wimbo wa nne akakunja uso.

"Hapa nimeruka ubeti mzima. Huyo mume wako hakuona?"

"Alikuwa anasikiliza mngurumo, Shangazi."

"Haya, washa wewe. Tuuimbe upya."

Nikawasha.