Nyuma ya Uso wa Adhiambo

Cephas alikuwa na studio ndogo Homa Bay, lakini mwaka ule gugumaji lilipolifunika ziwa, alichoka kupiga picha watu waliokaa mbele ya pazia. Alitaka picha ya maji. Akaja kwetu Mbita na kamera yenye lenzi ndefu, akaomba binti yangu Adhiambo asimame ziwani arushiwe maji, matone yapigwe picha yakiwa bado hewani.

"Hapana," nikasema.

Ziwa lilikuwa limemchukua baba yake, Elkanah, na halikumrudisha. Tulizika tunda la yago, yaani mwegea, mahali pa mwili, kama desturi inavyotaka, nami nikaomba juu yake kwa jina la Yesu. Tangu siku hiyo maji yale siyapi mgongo.

Adhiambo akacheka. "Mama, si kila asubuhi nachota maji hapo hapo? Leo ndio yatanila?"

Nikamkataza kusema hivyo karibu na maji. Lakini alishajifunga leso ya njano, akaingia hadi kiunoni. Mtoto wake alilala kwenye nyasi miguuni pangu. Cephas akasimama majini kando ya Adhiambo na karai. Mimi nikaachiwa kamera, imesimama kwenye miguu yake mitatu, maana hapakuwa na mwingine.

"Zungusha hii pete ya lenzi polepole, Mama," alikuwa amenifundisha. "Angalia macho ya Adhiambo. Yakikaa wazi kabisa, acha. Nikirusha maji, bonyeza."

"Na vitu vya nyuma yake?"

"Hivyo vitakuwa ukungu tu. Picha nzuri haihitaji kuona kila kitu."

Akarusha. Nikabonyeza.

"Mathe ni mpiga picha sasa!" akapiga kelele. "Adhiambo, rudi nyuma kidogo. Hapo kuna mwanga."

Adhiambo akarudi nyuma, uso wake ukaingia ukungu. Nikazungusha pete kumtafuta, nikapitiliza. Yeye akayeyuka kama mafuta kwenye kikaango, na gugumaji la nyuma yake likaja wazi, jani kwa jani, na yale maua yake ya zambarau.

Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu. Ulikuwa unavuta kitambaa changu cha kichwa kuelekea ziwani, na gugu lote lilikuwa linaondoka nao. Fungu moja tu lilikuwa linakuja. Halikuzunguka, halikuyumba. Lilikuja moja kwa moja, na mbele yake maji yalijikunja kidogo.

Nikatoa jicho kwenye kamera. Kwa macho matupu yalikuwa majani tu, kama majani mengine. Nikarudisha jicho. Lilikuwa limesogea.

Nikipiga kelele watashtuka, watapigapiga maji. Na anayehangaika majini humwita mwenyewe yule anayemtafuta. Nikamwomba Mungu moyoni, kisha nikadanganya.

"Adhiambo, mtoto anatapika. Njoo. Usikimbie, matope yanateleza."

"Si alikuwa amelala?"

"Njoo, nyathina, mwanangu."

Akaanza kutoka, akinung'unika. Cephas hakusogea. "Mama, jua linapotea! Mpanguse tu huyo mtoto!"

"Kamera imekwama," nikasema. "Pete imekataa. Pengine nimeiharibu."

Hapo akaliacha karai lielee, akaja taratibu akitikisa kichwa. Sikusema kitu mpaka miguu yao yote minne ilipokuwa kwenye mchanga.

Adhiambo akamtazama mtoto, amelala kwa amani, kisha akanitazama mimi. Hajawahi kunisikia nikisema uongo.

Cephas aliweka jicho kwenye kamera. "Mbona iko sawa? Umeharibu nini?"

"Nenda nyuma zaidi. Pale kwa gugu."

Akazungusha pete. Nikaona mkono wake unasimama.

Lile fungu lilikuwa limefika pale Adhiambo aliposimama, nalo likatulia, likiacha upepo upite juu yake. Kisha karai likagongwa kutoka chini, likapinduka, likazama. Lilikuwa karai zito la bati, na halikuonekana tena.

"Nyang'," Adhiambo akasema kwa sauti ndogo. Mamba.

Cephas alikunja miguu ya kamera, akaondoka na viatu mkononi.

Jioni Adhiambo alipika, akaosha mtoto, akaosha vyombo. Akainamisha mtungi, ukatoa tone la mwisho. Hatuna kisima wala bomba. Pahali pa kuchota ni pale pale.

Asubuhi nilimwambia abaki nyumbani. Nilichukua mtungi, nikasimama ukingoni nikiangalia upepo unakoelekea. Macho yangu ni haya mawili tu, na gugu lote lilionekana limetulia.

Nikainama.