Gari Lililokohoa Uani kwa Mzee Gona

Gari la Kombe lilikuwa zima Malindi na bovu Sabaki, na hilo ndilo lililomponza mzee Gona.

Kila alfajiri Kombe alipoliwasha apeleke nyanya sokoni, ile pikapu kuukuu, iliyomzidi mkewe umri, ilikohoa, ikatetemeka, ikapiga plagi tatu badala ya nne, ikachechemea hivyo mpaka barabarani. Ikifika darajani imenyooka. Ikifika gereji kwa Joram, adhuhuri baada ya nyanya kushushwa, inanguruma vizuri hata mwenyewe anaona haya kulalamika. Joram alibadilisha plagi, akabadilisha waya, akasafisha kabureta. Kesho yake kikohozi kile kile. Mwishowe akachoka, akasema, "Kaka, hii si kazi ya spana."

Maneno ya fundi aliyeshindwa, basi. Lakini Kombe aliyabeba hadi nyumbani kana kwamba ni cheti cha daktari. Huko gari lilikuwa likilazwa ubavuni mwa ua wa baba yake mdogo, mzee Gona, maana ndipo palipo tambarare. Na siku lilipomkanyagia mzee mchicha wake, alisema kwa hasira, "Hili gari litakushinda." Sasa watu wakajumlisha: nywele nyeupe, neno la hasira, gari linalougua penye ua wake na kupona likishapita. Jibu likatoka kwamba mzee ni mchawi. Vijana wa ukoo wakamwambia ahame. Aliposita, akaamka akakuta migomba yake imelazwa chini kwa panga, na pande hizi hakuna asiyejua panga hilo likitoka kwenye migomba huenda wapi.

Binti yake wa pekee, Kache, alikuwa mpishi wa skuli Kibarani, kule Kilifi. Habari zilipomfikia aliacha sufuria jikoni akaenda Malindi, moja kwa moja hadi gereji.

"Wewe ndiwe uliyesema si kazi ya spana?"

Joram alicheka kwanza. Alipoelezwa habari ya migomba, kicheko kikamkauka.

"Dada, nilikuwa nasema tu. Sisi mafundi tukishindwa ndivyo tunavyosema."

"Na babangu auawe kwa kusema kwenu?"

Joram alifuta mikono polepole, akiwa hana pa kutazama. "Hilo gari linakohoa saa ngapi?"

"Alfajiri. Likiwa limelala pale pale kwetu."

"Na kwangu huletwa jua likiwa utosini." Akajipiga kofi la paja. "Ala! Mimi sijawahi kuliona likiwa gonjwa."

Kesho yake alikuwa Sabaki kabla ukungu wa mto haujainuka. Kache alikwisha kuwaita wote: Kombe, wazee wa ukoo, na wale vijana wa panga. Alitaka kila jicho lione. Joram alimwamkia mzee shikamoo mbele yao, jambo ambalo hakuna aliyelifanya uani pale tangu maneno yaanze. Mzee aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeisahau.

Kombe akawasha. Gari likakohoa. Watu wote wakamtazama mzee Gona; Joram peke yake ndiye aliyeitazama injini.

"Njoo uone," alimwita Kombe.

Kwenye kifuniko cha distribyuta, kile cheusi kinachogawia plagi moto, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na cheche za buluu zilikuwa zikitambaa juu yake. Joram akazima, akakipangusa kikakauka, akawasha: injini ikatulia. Akatoa chupa ya kunyunyizia maji, kama ile ya kinyozi, akapuliza mara moja: ikakohoa. Akakausha tena, ikatulia tena.

"Ni umande huu wa mto," alisema. "Unaingia kwenye ufa, moto unapotelea nje, plagi moja inakosa. Injini ikipata joto panakauka, gari limepona. Ungelilaza kwako, Kombe, lingekohoa kwako."

Akafunga kifuniko kipya alichokuja nacho kwa kukisia. Gari likawaka kwa plagi zote nne. Kache alicheka kwa sauti, nusura apige kigelegele. "Mmeona?" aliwauliza. "Mmeona nyote?"

Kombe alikuwa akikigeuzageuza kile kifuniko kibovu mkononi.

"Ufa nimeuona," alisema. "Sasa aliyeutia humo ndani, na boneti imefungwa, ni nani?"

Joram alianza kueleza kwamba vitu huchakaa, kwamba joto hupasua. Alikuwa akijisemea mwenyewe. Wazee walikwisha kuanza kutikisa vichwa kumkubali Kombe, na kijana mmoja akaenda kusimama karibu na migomba iliyolala. Kache aliwachukia wote, mmoja mmoja na kwa jumla, chuki ambayo hakujua kama anayo.

"Baba, twende kwangu," alisema.

Kombe mwenyewe ndiye aliyejitolea kuwapeleka, eti kwa heshima ya undugu. Kache angependa kumtemea mate, ila gari jingine halikuwako. Wakapakia kitanda, godoro na sufuria mbili. Hata hawajatoka uani, mbuzi wa Kombe walikuwa wameshaingia kwenye mihogo ya mzee, na hakuna aliyewafukuza.

Pikapu ikapita ua, ikapita barabara ya vumbi, ikavuka daraja. Haikukohoa. Kombe akaupiga usukani kofi kwa furaha.

"Waona, baba mdogo?" alisema. "Umetoka tu, na gari limepona."

Kache aligeuzia uso dirishani asije akapiga kelele. Mzee Gona aliisikiliza injini kwa muda.

"Laenda vizuri kweli, mwanangu," akasema. "Litunze."