Hakuna Mtu Yeyote Aliyefariki

Mama Mkubwa alikata roho alfajiri, hospitalini, kiganja chake kikiwa ndani ya changu. Jua halijapanda sawasawa, nusu ya nchi ilikuwa inaamini kwamba aliyekufa ni Rais.

Naomba nieleweke mapema: sisi hatukumuua Rais. Hatukumtaja hata jina. Tulichofanya ni kupiga muziki.

Stesheni yetu iko ghorofani, juu ya duka la magodoro, na kuta za studio tumezibandika magodoro yaliyokosa wanunuzi ili honi za barabarani zisiingie. Mimi ni mtangazaji wa kipindi cha asubuhi. Wasikilizaji wananiita Kasuku, na kazi yangu ni kuwachekesha waliokwama kwenye foleni na kuwasomea matangazo ya sabuni. Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, alikuwa akitupikia chai na kufagia. Yeye ndiye aliyeniingiza pale. Siku stesheni inafunguliwa alimwambia Bosi, "Huyu mwanangu anaongea mno nyumbani, bora umlipe aongelee huku." Bosi akacheka, nami nikapata kazi.

Halafu kuna Fundi, fundi mitambo wetu. Huyu alianzia redio ya serikali, zama zile nchi ilipokuwa na redio moja tu, nayo ikikohoa, mji mzima unanyamaza. Huko alifundishwa taratibu zikamwingia mpaka kwenye mifupa, na mojawapo ni ya msiba. Akifa mkubwa, husemi kitu. Unakata kipindi, unakata matangazo, unaweka muziki wa polepole, vinanda vitupu, kisha unasubiri watu wa juu walete la kusomwa. Wananchi nao walijifunza upande wao: ukifungua redio asubuhi ukakuta vinanda badala ya kelele, unafunga duka, unaita watoto ndani, unasubiri kuambiwa ni nani. Siku hizi stesheni ni nyingi kuliko vibanda vya vocha na kila moja inapayuka kivyake, lakini masikio ya watu ni yale yale.

Basi nilipompigia Fundi kumwambia kwamba Mama Mkubwa ametutoka na sitaweza kuja kazini, hata pole hakusema. Alikata simu. Akaenda kabatini, akatoa santuri aliyohama nayo kutoka kazi ya zamani, akaiweka. Tangazo la sabuni alilikata katikati ya povu. Alifanya alichofundishwa kufanya akifa mkubwa, na kwa Fundi, mwanamke aliyemletea chai kila asubuhi bila kumuuliza anataka sukari kiasi gani alikuwa mkubwa wa kutosha.

Mimi nilivisikia vinanda kupitia redio ya muuguzi. Tulikuwa tunamfunika Mama Mkubwa, muuguzi ameshika ncha ile ya shuka, mimi hii. Akashika kifua. "Jamani, Rais!" Akatimua mbio kuelekea korido, akaniacha na shuka mkononi. Nilimfunika mwenyewe, muziki ukiwa unaendelea, na hapo ndipo machozi yalipotoka.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Soko lilifungwa. Stesheni binafsi kukatiza tangazo la kulipiwa, hapo watu walijua mambo si ya kawaida. Mkuu wa wilaya mmoja aliishusha bendera nusu mlingoti, akaipandisha, akaishusha tena, mwisho akajifungia chooni. Makamu wa Rais alionekana kwa fundi cherehani, na mpaka leo anaapa alikwenda kupunguza suruali. Rais mwenyewe alivisikia vinanda akiwa garini, akauliza, "Nani kafa?" Gari zima likakosa pa kutazama.

Mchana ule ule mimi, Bosi na Fundi tulikuwa tumesimama mbele ya Baraza la Mawimbi, ambalo ndilo linalotoa leseni za redio na ndilo linalozinyang'anya. Chumba kilikuwa baridi kama bucha. Meza ndefu, maua ya plastiki, picha ya Rais ukutani akiwa mzima kabisa. Mwenyekiti alikuwa mwanasheria mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine utosini.

"Nani aliwaruhusu kutangaza kifo cha Mkuu wa Nchi?"

"Mheshimiwa, hatujatangaza kifo," Bosi alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Hatukusema hata neno."

"Ndilo kosa lenyewe. Mlinyamaza, tena kwa muziki wa polepole."

Mjumbe wa Utamaduni akainua mkono. Alitaka kujua ni polepole kiasi gani, maana kanuni inazuia muziki wa maombolezo ya kitaifa lakini haizuii muziki unaochosha tu. Baraza linarekodi kila stesheni, kwa hiyo wakaamuru ushahidi upigwe.

Vinanda vikaanza. Mwenyekiti akasimama. Sidhani kama alikusudia. Miguu ilikumbuka yenyewe. Wajumbe nao wakainuka mmoja mmoja, mikono ubavuni, nyuso zimekunjwa kwa huzuni ya kiserikali. Kila mmoja alimwibia jicho mwenzake, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kukaa. Ile santuri ni ndefu. Waliisikiliza yote wima, na mhudumu aliyeingia na soda alibaki mlangoni na trei yake, kichwa chini. Nikawa nauma shavu kwa ndani nisije nikacheka, mimi mfiwa.

Muziki ulipokwisha walikaa wakiwa na hasira maradufu.

"Haya, mliupiga kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya mama wa chai," Fundi alijibu.

"Mama wa chai gani?"

"Wetu."

Mwenyekiti alimtazama Fundi, kisha akamtazama Bosi, kana kwamba Bosi ndiye mwenye funguo za Fundi. Halafu akasoma uamuzi, ambao kwa kweli ulikuwa umeandikwa kabla hatujafika. Kesho saa moja asubuhi, wakati ule ule wa kosa, kwa sauti ya mtangazaji wa kipindi, yaani mimi, tungesoma tamko lao. Bila kuongeza neno, bila kupunguza, bila kucheka. Tusiposoma, leseni yetu ingekwisha siku hiyo hiyo. Akanisukumia karatasi.

"Muziki uliopigwa jana ulipigwa kimakosa. Hakuna mtu yeyote aliyefariki. Wananchi waendelee na shughuli zao."

"Mheshimiwa," nikasema, "hapa pana tatizo. Kuna mtu amefariki."

"Watu wanafariki kila siku, dada. Huko si kuvunja kanuni."

"Ni mama yangu mkubwa. Bado hatujamzika. Andikeni basi kwamba hakuna kiongozi aliyefariki, nitasoma hata mara kumi."

"Tukisema hakuna kiongozi, watu watauliza ni nani sasa. Mtu yeyote inafunga mjadala." Alivua miwani ya usoni akashusha ya utosini. "Na usilichukulie kibinafsi. Kikanuni, mtu yeyote maana yake ni mtu wa kukatiziwa matangazo."

"Si tulimkatizia?"

"Tamko limeshapita wizarani," akasema, na akafunga faili.

Tukatoka, tukafika ngazini. Nilitaka kurudi nikayatafune yale maua ya plastiki mbele yao. Bosi akanishika mkono. Bosi wangu si mtu mbaya, ni mwoga tu, na uoga wake umetulisha miaka yote.

"Mwanangu, ni sentensi tatu," alisema. "Ukigoma, kesho wote tuko barabarani, na Fundi kwa umri ule nani atamchukua? Mama Mkubwa mwenyewe angekuambia soma, tuyamalize."

Alijua pa kunishika. Nikasema nitasoma.

Jioni nilimpigia Mjomba kumpa taarifa za msiba. Mjomba ndiye kaka pekee wa Mama Mkubwa, anaishi mbali, safari ya nusu siku, na bila yeye hatukuwa tunazika. Alilia mpaka nikaishiwa maneno. Akasema amekodi gari, ataondoka usiku wa manane na wazee wa ukoo, kabla ya mchana watakuwa wamefika. "Nilisikia vile vinanda asubuhi," alisema kwa kwikwi. "Moyo ukaniambia ni nyumbani kwetu."

Mjomba ni mtu wa zama za redio moja. Mvua ikinyesha na redio haikusema, yeye anaiita manyunyu. Nilipoolewa alihudhuria, akala, akacheza, lakini hakunipa hongera mpaka nilipotangazwa kwenye salamu za wasikilizaji. Zamani nilikuwa namcheka sana kwa hilo.

Asubuhi nilifika kazini macho yamevimba. Hakuna aliyepika chai. Bosi alikuwa akizunguka na kikombe kitupu kama mtu aliyepoteza mbwa. Saa moja kasoro nilikaa mbele ya maikrofoni. Fundi, upande wa pili wa kioo, alinigeuzia mgongo. Taa nyekundu ikawaka.

Nilisoma. Nilisoma vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Kwa miaka yote nimejizoeza kusoma vizuri hata tangazo la dawa ya mende. Hakuna mtu yeyote aliyefariki. Nikatamka kila neno likasimama wima. Wananchi waendelee na shughuli zao. Taa ikazimika, sabuni ikaendelea na povu lake. Bosi akainua dole gumba kutoka mlangoni, na nikamchukia kidogo.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Mjomba.

"Mwanangu! Nimekusikia! Nimekusikia kwa masikio yangu!" Nyuma yake palikuwa na vigelegele. "Hajafa!"

"Mjomba..."

"Nilijua! Niliwaambia hawa, sauti ya jana kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa, na asiye na akili timamu hasikilizwi. Kumbe ulikuwa ni ule muziki wao wa makosa, umetutia wazimu nchi nzima! Tumeshageuza gari, tunarudi. Mwambie dada yangu nitakuja kumwona vizuri wakati wa likizo, nimletee kuku."

Niliibana simu sikioni.

"Mjomba, nisikilize. Amefariki. Nilikuwepo, nimemfunika kwa mikono yangu. Vijana wanachimba kaburi sasa hivi. Rudisha gari."

Akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mtoto, "Lakini umesema redioni."

"Nilisoma tu. Nilipewa."

"Sasa mwanangu, wewe unaweza kukaa redioni, mbele ya nchi, ukasema dada yangu yuko hai wakati unajua amelala maiti? Wewe? Aliyekulea?" Nikaikunjakunja ile karatasi ya Baraza. "Basi unaona. Umechoka, kalale. Simuni kila mtu anasema chochote. Kama kuna jambo, liseme redioni, sisi tunasikiliza." Akakata.

Nilipiga tena. Haikupokelewa. Nikapiga, nikapiga. Bila shaka gari zima lilikuwa linaimba, na kila nukta ilikuwa inampeleka mbali na dada yake, akifurahi. Nilimwona Mama Mkubwa akishushwa kaburini huku kaka yake wa pekee akichagua kuku wa kumletea. Furaha ile ilikuwa imetoka kinywani mwangu.

Nikageuka. Fundi alikuwa ananitazama kupitia kioo. Alikuwa amesikia, maikrofoni ya ndani huwa haizimwi.

"Fundi," nikasema, "nikatizie sabuni."

"Usimsikilize!" Bosi alikuja mbio, kikombe mkononi. "Kasuku, mwanangu, nakuomba. Ni leseni! Tutafungiwa kabla ya saa sita!"

"Najua, Bosi. Toka nje, useme hukuwepo."

Hakutoka. Alisimama pale pale akafunga macho, na sikumlaumu. Povu likakatika katikati ya neno. Taa ikawaka. Sikuwa na karatasi mbele yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sauti yangu ilikuwa mbaya.

"Wasikilizaji, dakika chache zilizopita nimewasomea kwamba hakuna mtu yeyote aliyefariki. Si kweli. Kuna mtu amefariki. Amefariki jana alfajiri, hospitalini, mimi nikiwepo. Hakuwa kiongozi. Alikuwa anapika chai kwenye stesheni hii na anafagia, na ni yeye aliyenilea. Ule muziki ulikuwa wake, na haukupigwa kimakosa. Tunamzika leo alasiri, na hatuwezi kumzika bila kaka yake. Mjomba, ni mimi. Nasema redioni. Geuza gari."